Meza ya kujazia mafuta inapita alama kila ikijaa: nifanyeje bila mota ya servo?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Tupo Makambako, tunakamua alizeti na kufungasha mafuta kwenye chupa za lita moja. Nimetengeneza meza ya duara ya plaiwudi ya mm 18, kipenyo sm 90, inabeba chupa nane zilizopangwa sm 35 kutoka katikati. Inazungushwa na mota ya waipa ya lori ya volti 24 kwa mkanda na puli, kama mizunguko 11 kwa dakika. Chupa ikifika chini ya bomba, swichi inakata umeme. Shida ni kwamba meza ikiwa tupu inapita alama kwa sm 1, chupa zikijaa inapita kwa sm 3, na asubuhi kwenye baridi haifiki kabisa pale nilipoirekebisha jana yake mchana. Swichi nimeisogeza mpaka nimechoka. Mdomo wa chupa ni mm 22 kwa ndani, bomba ni mm 12. Kijana mmoja ananiambia ninunue Arduino, ule ubao mdogo wa kompyuta wa kuendeshea mitambo, mwingine anasema bila mota ya servo, ile inayojipima na kujirekebisha mahali pa kusimama, sitafika. Hela yenyewe ni kidogo. Kuna njia?"*

Njia ipo, ndugu yangu, na sehemu kubwa ya vifaa tayari unavyo. Umefanya vizuri kutuma vipimo, maana bila vipimo hivyo ningebaki kukisia. Kwa ninavyoelewa, meza inasimama, lakini haisimami mahali pamoja: tupu ni hapa, ikijaa ni pale, asubuhi ni kwingine. Unachotafuta ni chupa iwe chini ya bomba kila mara, uzito na hali ya hewa viwe vyovyote vile.

Kwanza tuiache swichi. Swichi yako ni nzima na umeifunga sawasawa. Inachofanya ni kukata umeme tu, wala haina uwezo wa kusimamisha kitu. Kuanzia pale umeme unapokatika, meza inaendelea kwa mwendo iliokuwa nao mpaka msuguano uumalize. Kuisogeza swichi nyuma ni kukisia mapema meza itateleza umbali gani, na umbali huo unabadilika siku nzima.

Unabadilika kwa nini? Ubao wako una uzito wa karibu kilo 7, lakini uzito huo umetawanyika kuanzia katikati hadi ukingoni. Chupa nane za mafuta ni kilo 7 na ushei, na zote zimekaa pembeni, sm 35 kutoka kwenye mhimili. Kwa kitu kinachozunguka, uzito wa pembeni ni mgumu zaidi kuusimamisha kuliko uzito uleule ukiwa katikati. Ukipiga hesabu, meza yenye chupa zilizojaa inakataa kusimama zaidi ya mara mbili ya meza tupu. Ongeza baridi ya Makambako: alfajiri grisi kwenye beringi na ndani ya giaboksi ya waipa imeganda, msuguano ni mkubwa, meza inasimama mapema. Saa saba mchana grisi imelainika, meza inateleza. Mkanda nao una yake, maana hunyumbuka, na ukidondokewa na mafuta huteleza kwenye puli.

Sasa mwendo. Kwa mizunguko 11 kwa dakika, chupa inakwenda karibu sm 40 kwa sekunde. Relei ya kawaida (swichi inayovutwa na umeme) huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde kuachia, na katika muda huo chupa imeshasogea mm 4. Meza ikichukua sehemu mbili za kumi za sekunde kusimama, chupa inakuwa imeteleza karibu sm 4. Kwa hiyo sm 3 zako si ajabu, ndivyo hesabu inavyotoa. Na nguvu iliyomo kwenye mwendo hupanda kwa mraba: ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu ya kumalizwa inabaki robo.

Kuhusu usahihi, usikubali kutishwa. Mdomo wa mm 22 na bomba la mm 12 vinakuachia mm 5 kila upande. Huhitaji mashine ya kiwandani ya sehemu za milimita. Unahitaji meza isimame ndani ya mm 3 kwa usalama, na hilo fundi mwenye grainda, drili na subira analiweza.

Kabla hujanunua chochote, fanya majaribio mawili. La kwanza ni la bure. Mota ya volti 24 iendeshe kwa betri moja ya volti 12. Mwendo utashuka kwa karibu nusu, na kule kuteleza kutapungua sana, huenda sm 3 zikawa chini ya sm 1. Hasara yake ni kwamba nguvu ya kuanzia nayo inashuka, na asubuhi ya baridi mota inaweza kunguruma bila kuondoka. Ikinguruma, kata umeme mara moja, usiiache iungue.

Jaribio la pili linahitaji relei moja ya gari ya miguu mitano, ya volti 24 (au ya volti 12 ukibaki na betri moja). Mguu wa 30 uende kwenye waya chanya wa mota, mguu wa 87 kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 15, mguu wa 87a kwenye hasi ya mota. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili. Relei ikivuta, mota inapata umeme. Ikiachia, nyaya mbili za mota zinakutanishwa zenyewe kwa zenyewe, na mota inayozunguka inageuka jenereta iliyofungwa njia, inajizuia papo hapo. Hivi ndivyo waipa ya gari inavyojipaki mahali pamoja kila ukiizima. Angalia jambo moja: mota nyingi za waipa hasi yake ni bodi yenyewe, kwa hiyo bodi iunganishwe vizuri kwenye hasi, na usiwahi kugeuza nyaya ili kuirudisha nyuma kabla hujajua umeshika mota ya aina gani.

Majaribio haya mawili yatapunguza tatizo, ila hayatalimaliza, kwa sababu bado unaidai mota isimame mahali fulani wakati imebeba mzigo unaobadilika.

Hapo ndipo na Arduino inapokwama ikiwa peke yake. Itajua meza imepita, tena itajua kwa usahihi mkubwa, lakini kujua si kushika. Bila breki au mota inayoweza kurudi nyuma na kurekebisha, utakuwa umenunua kifaa cha kukuonyesha kosa unaloliona kwa macho. Mota ya hatua, ile ya stepa, ni nzuri, ila aina ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Ukiifunga moja kwa moja kwenye mhimili wako, hatua moja kule kwenye chupa ni mm 11. Utahitaji kupunguza mwendo angalau mara 10, na kuiwasha na kuizima polepole, la sivyo inaruka hatua bila kukuambia na makosa yanajilimbikiza chupa baada ya chupa. Servo inaifanya kazi hii vizuri kabisa, sipingi. Lakini ukijumlisha mota, kiendeshi chake, giaboksi isiyo na mchezo na mtu wa kuipanga, gharama inaweza kupita ya meza yote, na ikiharibika katikati ya msimu wa alizeti, spea hutaipata kwenye duka la jirani.

Ninachokushauri ni hiki: mota uiachie kazi ya kusukuma tu, na kazi ya kuchagua mahali pa kusimama uipe chuma. Zipo namna mbili zinazokufaa.

Ya kwanza na ya haraka ni pini ya kufunga. Pembeni ya meza, sm 42 kutoka katikati, unaweka bushi nane za bomba, moja kwa kila chupa, na kwenye fremu unaweka bolti ya mm 12 iliyosagwa ncha kama koni. Meza ikishasimama, pini inaingia na koni inaivuta meza mpaka mahali pake. Cha kuisukuma pini kinaweza kuwa kile kimota kinachofunga na kufungua mlango wa gari, cha volti 12, ambacho hukisukuma kijiti chake kama sm 2. Kipe umeme kwa nusu sekunde hivi, kikiachwa kwenye umeme kinaungua. Udhaifu wa njia hii ni kwamba bushi yenye mdomo wa mm 20 hunasa kosa la kama mm 8 tu kila upande. Kwa hiyo lazima uanze na betri moja na relei ya kukutanisha. Giaboksi ya waipa nayo hairudishwi nyuma kwa kusukumwa, hivyo mkanda usiwe umekaza mno, uweze kuteleza kidogo pini inapovuta. Na pini ikitoka kabla meza haijatulia, itakwaruza ukingo na siku moja itapinda.

Kuna sababu ya bushi kukaa ukingoni. Mchezo wa nusu milimita ukiwa sm 5 kutoka kwenye mhimili, kwenye chupa ni mm 3.5. Nusu milimita hiyohiyo ikiwa sm 42, kwenye chupa haifiki hata nusu. Anayefunga meza yake karibu na katikati anazidisha kosa lake mwenyewe.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kwa kazi yako: gurudumu la Geneva. Jina linatokana na mji wa Geneva kule Uswisi, wa mafundi saa, na projekta za sinema zilitumia mtambo huuhuu kusogeza filamu picha moja moja. Ni gurudumu lenye mifereji, wewe minane, lililofungwa chini ya meza kwenye mhimili wake. Pembeni yake kuna mkono mfupi unaozungushwa na mota, wenye pini. Kila mkono ukizunguka mara moja, pini inaingia kwenye mfereji mmoja, inalisogeza gurudumu nyuzi 45, inatoka. Ikishatoka, kisahani kilicho kwenye shafti ya mkono kinakumbatiwa na ukingo wa gurudumu uliochongwa kwa ndani, na meza inakuwa imefungwa. Kwa mifereji minane, kati ya nyuzi 360 za mkono, meza inasogea kwa nyuzi 135 tu. Nyuzi 225 zilizobaki imetulia, imeshikwa.

Fikiria maana yake kwako. Mota ukiizima katikati ya zile nyuzi 225, hata ikipitiliza nyuzi 100, chupa haitikisiki. Na wakati mota inasimama, haijabeba meza, imebeba mkono mtupu. Chupa zijae au ziwe tupu, iwe alfajiri au adhuhuri, haijali. Swichi uliyohangaika nayo sasa inaweza kukosea kwa upana wa kiganja na kazi ikaenda.

Vipimo vya mifereji minane, nikichukua umbali wa mm 200 kutoka katikati ya meza hadi katikati ya shafti ya mkono: pini ikae mm 76.5 kutoka katikati ya shafti yake, na nusu kipenyo ya gurudumu iwe mm 185. Kwa pini tumia beringi namba 6201, inayopatikana kwenye maduka ya spea za pikipiki. Tundu lake ni mm 12, nje mm 32, unene mm 10. Mfereji uwe na upana wa mm 32.4 na uingie ndani mpaka mm 105 kutoka katikati ya meza, ili beringi ikifika mwisho isigonge. Kisahani cha kufungia kiwe na nusu kipenyo ya mm 48, na kwenye gurudumu, katikati ya kila mifereji miwili, chonga upinde wa mm 48.3 ambao kitovu chake kiko mm 200 kutoka katikati ya meza. Hapo kati ya mfereji na upinde inabaki ncha ya chuma ya mm 12 hivi, inatosha kwa bamba la mm 6. Plaiwudi kwenye ncha hizi itapasuka, usijaribu.

Mahali wengi wanapokwama ni hapa: meza inaposogea, ncha za gurudumu hupita mm 15 tu kutoka katikati ya shafti ya mkono. Kwa hiyo shafti hiyo isizidi mm 20 ya unene, na kisahani lazima kikatwe upande ule wa pini, kwa upinde wa mm 187 kutoka katikati ya meza, ili ncha zipite bila kugusa. Ukisahau kukikata, mtambo unakwama mzunguko wa kwanza kabisa. Upande usiokatwa ubaki wa nyuzi 225, ndio unaofunga.

Kata kwanza kwa kadibodi ngumu, kwa vipimo halisi, uchome kwa misumari miwili kwenye ubao na uzungushe kwa mkono. Pini inapoingia kwenye mfereji, mstari wa mkono na mstari wa mfereji vinapaswa kukutana kwa pembe mraba. Ndipo pini huingia kwa kuteleza, bila kugonga. Ukisikia "tak" kila inapoingia, umbali wa mm 200 umekosewa. Kwa sababu hiyo matundu ya kufungia kiti cha shafti yatoboe marefu kidogo, uweze kukisogeza milimita mbili tatu, kisha ukaze. Fremu iwe ya chuma cha pembe au bomba la mraba, vitu vyote viwili vikae juu ya fremu moja. Mhimili wa meza ukiushika kwenye mbao, mbao zitacheza na unyevu na kazi yote imepotea. Habu ya gurudumu la nyuma la gari dogo inafaa sana kuwa kitovu cha meza, ina beringi imara na unaweza kuikaza mchezo uishe.

Mchezo wa mm 0.3 kwenye kisahani cha kufungia utauona kama mm 0.6 hivi kwenye chupa. Uko ndani ya kiwango chako kwa mbali.

Mkanda na puli zako zibaki, ila sasa zizungushe shafti ya mkono badala ya meza. Kwa mizunguko ileile 11 kwa dakika, meza itasogea kwa takribani sekunde 2 na kutulia sekunde 3.4. Kusogea kwenyewe kunaanza polepole, kunaongezeka, kunapungua, kwa hiyo mafuta hayamwagiki. Lita moja ikihitaji zaidi ya sekunde tatu kujaa, mota isimame katikati ya utulivu. Weka kisahani kidogo chenye pengo kwenye shafti ya mkono, na swichi ya rola ikipanda juu yake. Rola ikiwa juu, umeme wa koili ya relei unapita. Ikidondoka kwenye pengo, umekatika. Kitufe cha kuanzia kifunge sambamba na swichi hiyo: unabonyeza, mkono unaondoka, rola inapanda, unaachia kitufe, mkono unamaliza mzunguko na kujizima wenyewe. Pengo lipange mkono usimame pini ikiwa imeelekea mbali na meza. Nikuambie ukweli, utapoteza kama sekunde 1.7 kwa kila chupa mkono ukienda kutoka pale ulipopaki mpaka kwenye mfereji. Ikikukera, badilisha puli ufike mizunguko 15, usizidi hapo kabla hujaona chupa zinavyotulia.

Pampu ya mafuta isiwashwe na kitufe hichohicho. Iwekee swichi yake, inayobonyezwa tu wakati kisahani kimeshafunga. La sivyo siku moja mkanda utateleza na lita moja itaishia mezani. Kwenye bomba ongeza koni ndogo ya plastiki inayoshuka juu ya mdomo wa chupa. Chupa iliyokaa upande kidogo kwenye kikalio chake itanyooshwa nayo, maana hata meza ikisimama sawasawa, chupa yenyewe inaweza kuwa imeinama.

Grisi weka kidogo, kwenye upinde wa kufungia tu, na mtambo wote uwe chini ya meza na sinia katikati, grisi isipate njia ya kufika kwenye mafuta ya kula. Uzungushie wavu au bati. Mifereji ile inafunga kama mkasi, na kidole kikiingia hakuna kitakachoirudisha giaboksi ya waipa nyuma. Weka kitufe kikubwa chekundu cha kukata umeme mahali ambapo mpakiaji anakifikia bila kuinama.

Hata kama huna msumeno wa chuma mzuri, kukata na kupiga tupa unaweza mwenyewe ukianza kwa kutoboa mwisho wa kila mfereji. Lakini kugawa nyuzi 45 mara nane bila kosa ni kazi ya karakana yenye kichwa cha kugawia. Ulizia ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wako au chuo cha ufundi cha VETA, au karakana za Iringa na Mbeya zenye mashine ya kuchonga. Mwite fundi umeme mwenye leseni ukitaka kuhama kwenye betri kwenda volti 230. Na ukipanga kuongeza chupa mpaka meza ipite kilo 50, usikuze tu vipimo hivi, kaa na mtu wa mitambo kwanza apige hesabu ya shafti na ya pini. Ukienda karakana, nenda na kile kipande cha kadibodi kilichokubali kuzunguka, na beringi yenyewe mkononi, ili mfereji upimwe kwa beringi hiyo na si kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi.